Dili imekubaliwa, sasa unaitangaza lini?

Tuseme mmekaa mezani wiki tatu mkijadili mkataba kati ya nchi yenu na nyingine, macho mekundu, tai zimelegezwa, na ghafla saa tisa usiku yule mjumbe mgumu wa upande wa pili anafunga faili lake anasema haya, sawa. Watu wanapigana mabega, kuna mtu anafuta machozi kisirisiri akidhani haonekani, na chumba hata hakijatulia kijana mmoja wa protokali ameshachomoa simu mfukoni anauliza "tutangaze?" Jibu la hapo ni bado. Na nachotaka kuandika hapa ni hiyo "bado" iwe ndefu kiasi gani, maana ikiwa fupi sana inaua mkataba na ikiwa ndefu sana inaua vilevile.

Mimi nimekaa upande wa mawasiliano, sio wa wanasheria, kwahiyo nitaongea kama mtu wa kuandaa matamko na kushika simu. Kitu kimoja tu nataka ukishike, mengine yote yanatokana nacho. Kuna muda kati ya watu kusikia kwamba kuna makubaliano na watu kuyasoma yenyewe, mimi nauita pengo. Ndani ya pengo hamna ukweli, kuna tetesi tu, na kila mwenye chuki na dili yenu anajaza humo anachotaka, alafu wewe huna cha kumjibu kwa sababu karatasi ziko kwenye mkoba wako. Kazi ya taimingi karibu yote ni kulifanya hilo pengo liwe dogo, hata ikibidi kukaa kimya siku mbili zaidi huku unajua kabisa una habari kubwa mkononi.

Mfano mzuri wa pengo lililoachwa wazi ni tarehe 1 Januari 2024, pale Ethiopia na Somaliland, eneo lililojitenga na Somalia, walipotia saini hati ya maelewano Addis Ababa kuhusu Ethiopia kupata njia ya bahari. Picha zilitoka, hotuba zilitoka, maandishi hayakutoka. Somaliland wakasema ndani yake kuna kutambuliwa kama nchi, siku mbili baadaye Ethiopia ikatoa maelezo kwamba hilo ni jambo la kufanyiwa tathmini ya kina, na katikati hapo Somalia ilishaitisha baraza la mawaziri la dharura, ikasema hati ni batili, ikamwita balozi wake nyumbani. Sasa we msomaji wa kawaida utajuaje nani mkweli, hati yenyewe hujaiona. Ubishi ukaenda mwaka karibu mzima mpaka Ankara mwezi Desemba. Sisemi kwamba kuchapisha hati kungeleta amani, Mogadishu ingekasirika tu hata hivyo, ila angalau ingekasirikia kilichoandikwa.

Hesabu kurudi nyuma, usihesabu kwenda mbele

Wengi wanapanga hivi: tumemaliza Jumatano, wakubwa wanapatikana Ijumaa, basi Ijumaa. Hiyo ni ratiba ya ukumbi na bendera. Wewe kaa na karatasi tupu ujiulize nani anaweza kuivunja hii dili akiisikia vibaya. Andika majina, sio taasisi, majina ya watu na namba zao za simu. Mwenyekiti wa kamati ya bunge. Kiongozi wa upinzani. Jenerali aliyeko mpakani. Nchi rafiki ambayo dili hii inamnyang'anya kitu. Familia za mateka au wafungwa kama wamo. Na yule waziri wako mwenyewe ambaye hakushirikishwa na anajua hakushirikishwa, huyo ndo hatari kuliko wote.

Alafu unaanza na dakika ya tangazo unarudi nyuma. Huyu asikie masaa mawili kabla, huyu usiku wa jana yake, huyu siku tatu kabla na apewe maandishi kamili akae nayo. Ukimaliza hiyo hesabu ndo utaijua siku yako ya kutangaza, na mara nyingi sio Ijumaa.

Kumwambia mtu mapema kuna ufundi wake. Ukimwambia mapema sana anavujisha, ukimwambia dakika kumi kabla umemtukana, na dharau ya namna hiyo inakumbukwa kuliko mkataba wenyewe. Mwaka 1971 Nixon, rais wa Marekani, alipotangaza kwamba ataenda China, Japan, mshirika wake mkubwa kule Asia, walijulishwa dakika chache tu kabla, na mpaka leo Wajapani wana jina la mshtuko ule. Marekani hawakujifunza, manake tarehe 15 Desemba 1978 rais Carter akatangaza uhusiano kamili na Beijing, maana yake kuuvunja ule wa Taiwan, na rais wa Taiwan, Chiang Ching-kuo, akaamshwa na balozi wa Marekani usiku wa manane kuambiwa, masaa machache tu kabla. Mwezi haujaisha mjumbe wa Marekani, Warren Christopher, akafika Taipei, msafara wake ukapokelewa kwa mayai na mawe.

Na 2021 tena, tarehe 15 Septemba, Marekani, Uingereza na Australia wakatangaza mpango wao wa nyambizi ambao maana yake Australia inaachana na mkataba mkubwa wa nyambizi 12 za Ufaransa. Ufaransa walisema wamejulishwa masaa machache tu kabla. Siku mbili baadaye wakawaita nyumbani mabalozi wao wa Washington na Canberra. Ukiangalia vizuri Ufaransa wangekasirika kupoteza biashara hiyo kwa vyovyote, lakini kumwita nyumbani balozi wa Washington ni kitu kizito mno kati ya marafiki wa zamani namna ile, na kilichowauma kilikuwa namna walivyojua kama vile nyambizi zenyewe.

Kwa uzoefu wangu mtu anayepoteza kitu kwenye dili mpe usiku mmoja. Sio wiki, usiku mmoja, na simu apigiwe na mtu wa ngazi yake, sio katibu wa katibu. Anapata muda wa kupiga kelele faraghani na kuandaa maneno yake ya hadharani, na asubuhi kidogo anaonekana kama mtu aliyejua. Hiyo ya kuonekana alijua ni zawadi, na haikugharimu chochote.

Vitu visivyorudi nyuma, vifanye kwanza

Kama ndani ya makubaliano kuna kitu cha kimwili, mfungwa kuachiwa, kikosi kuondoka, meli kugeuza, jitahidi kiwe kimeshatokea au kinatokea wakati ule unaongea. Tarehe 17 Desemba 2014 Obama na Raúl Castro waliongea kwenye televisheni saa ileile ya mchana, kila mmoja kwa watu wake, kutangaza kwamba Marekani na Cuba zinarudisha uhusiano, baada ya mazungumzo ya siri ya kama miezi kumi na nane ambayo Canada iliyapa nafasi na Vatican ikasaidia. Ila kabla hawajafungua mdomo, Alan Gross, Mmarekani aliyekuwa amefungwa Cuba, alishatua Marekani. Hebu fikiria ingekuwa kinyume, umetangaza saa sita mchana alafu ndege ikapata hitilafu Havana, kila mpinzani wa dili angekuwa na mchana mzima wa kusema tumechezewa.

Kwa vita ni hivohivo ila kugumu zaidi, manake anayesimamisha risasi hayupo kwenye chumba cha mazungumzo. Mkataba wa Pretoria wa kusimamisha vita ya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, ulisainiwa tarehe 2 Novemba 2022, ila makamanda wenyewe ikabidi wakutane Nairobi na kusaini namna ya utekelezaji tarehe 12. Kwahiyo ukitangaza usitishaji mapigano, weka saa ya kuanza iwe baada ya saa ya tangazo, iwe ya kutosha amri kufika mpaka kwa mtu wa mwisho porini mwenye redio mbovu. Ukisema "kuanzia sasa hivi" umeshampa kila mtu sababu ya kusema mwenzake amevunja, maana dakika tano baadaye lazima kuna mahali bunduki italia.

Saa ni saa ya nani?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu pamenichoma. Niliwahi kuwa kwenye timu ndogo ya kuandaa tamko la pamoja, nchi sizitaji. Mwenzetu mmoja akaandika kwenye grupu "tunatoa saa 12". Kwake yeye saa 12 ni ile inayosomeka kwenye simu, 12:00, jua la utosi. Aliyepokea anahesabu saa kwa Kiswahili, kwake saa 12 ni jioni jua linazama. Tofauti masaa sita. Upande mmoja ukatoa tamko mchana kweupe, upande wa pili waziri wao yuko ndani ya ndege hapatikani, redio zinampigia msaidizi wake na yeye kwa uaminifu kabisa anajibu hakuna tamko lolote mchana huu. Yaani kwa masaa karibu mawili serikali moja inasema kuna makubaliano na nyingine inakanusha, na mimi nimekaa katikati na simu mbili naomba ardhi ipasuke.

Tangu siku hiyo naandika tarakimu nne na UTC, yaani ile saa ya pamoja ya dunia, alafu chini yake saa ya kila mji mkuu, na tarehe. Tarehe usiisahau, maana mstari wa usiku wa manane unakatiza katikati ya watu. Lile tangazo la Carter la 1978 lilikuwa saa tatu usiku Washington tarehe 15 na saa nne asubuhi Beijing tarehe 16, dakika moja hiyohiyo, na kule Beijing kiongozi wa China, Hua Guofeng, naye anatangaza. Walichagua saa ambayo pande zote mbili watu wako macho, na hilo ndo swali la kwanza: tafuta dirisha ambalo hakuna mji mkuu unaotangaza wakati watu wake wamelala. Kama dirisha halipo, basi anayelala awe yule ambaye dili kwake sio habari ya kugombana.

Na kitufe kibonyezwe na watu wawili waliopo kwenye simu moja, laini iko wazi, mnahesabu pamoja. Usiamini kutoa kwa kuseti muda kwenye mfumo. Mfumo hauulizi kama kuna mtu amepiga simu dakika ya mwisho kusema subirini.

Siku ya wiki? Kama dili inagusa mafuta, madeni au ushuru, toa masoko yakiwa yamefungwa, watu wasome kwanza ndo wauze. Ila Ijumaa usiku sana inanuka, waandishi wote wanajua ni saa ya kuzika habari, na ukizika kitu kizuri watakuuliza una nini cha kuficha. Jumapili mchana sio mbaya. Alafu angalia kalenda ya mwenzako: usitangaze siku ya kumbukumbu ya msiba wao au ya vita waliyoshindwa na nyie, hata kama kwenu ni Jumanne tu.

Kalenda ya bunge ina meno

Kuna tarehe ambazo sio za heshima, ni za sheria, na ukichelewa siku tano unalipa mwezi. Mwaka 2015 bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba makubaliano ya nyuklia na Iran yakiwasilishwa mpaka tarehe 9 Julai wana siku 30 za kuyakagua, yakija kati ya tarehe 10 Julai na 7 Septemba ni siku 60. Wale wajumbe kule Vienna wakamaliza tarehe 14. Kwahiyo badala ya mwezi mmoja wa kupigwa makonde wakapata miwili, kiangazi kizima. Sisemi wangekimbiza, dili mbovu ya tarehe 9 ni mbaya kuliko nzuri ya tarehe 14, ila unatakiwa ujue bei kabla hujalala usiku ule.

Uingereza kwa mfano sheria yao ya 2010 inataka mkataba ukae mbele ya bunge siku 21 za vikao kabla ya kuridhiwa, na siku za vikao sio siku za kalenda, bunge likienda likizo saa inasimama. Kila nchi ina yake. Tafuta mtu wa bungeni wa kila upande, sio wa wizara, akuandikie kwenye karatasi moja: wakitoa maandishi siku fulani, siku ya mwisho ya kura inaangukia lini. Utashangaa mara ngapi wizara yenyewe haijui.

Kuna njia nyingine ya kucheza na kalenda ambayo mimi siipendi ila inafanya kazi, ya kubana. Uingereza na Umoja wa Ulaya walitangaza makubaliano yao ya biashara tarehe 24 Desemba 2020, maandishi yakatoka tarehe 26, bunge la London likapitisha kila kitu tarehe 30 siku moja tu, na 1 Januari yakaanza kutumika. Kurasa zaidi ya elfu moja mia mbili! Na pengo lilikuwa siku mbili tu, tena za sikukuu, lakini wasomaji hawakulala: haraka sana wakagundua kwamba kwenye kiambatisho kimoja kuna maelezo yanayotaja Netscape Communicator kama programu ya kisasa ya barua pepe. Kitu kimefukiwa miaka. Dili haikufa kwa hilo, ila unajua namna gani kicheko kinavyobaki kimegandia kwenye jina la hati. Mtu ambaye hajachoka angesoma viambatisho mara moja zaidi angeliona.

Maandishi yawe tayari kweli, sio karibu tayari

Hapa ndo pengo linazaliwa. Dili imekubaliwa usiku, wakubwa wanataka kutangaza asubuhi, na maandishi "yanamaliziwa tu". Kumalizia huko ni siku tatu, ukweli ndo huo. Kuna kulinganisha lugha, kuna ramani, kuna namba za vifungu ambazo zimesogea baada ya kufuta kifungu cha 7 na sasa kifungu cha 12 kinamrejesha msomaji kwenye kitu kisichokuwepo.

Lugha usiichukulie poa. Mkataba wa Wuchale wa 1889 kati ya Italia na Menelik, mfalme wa Ethiopia, kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema mfalme anaweza kuitumia Italia katika mawasiliano na nchi nyingine akitaka, kwa Kiitaliano kikawa ni lazima aitumie. Italia ikawatangazia wakubwa wa Ulaya kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake, na Menelik akaja kujua pale alipowaandikia hao wakubwa na kujibiwa apitie Italia. Mwisho wa hiyo hadithi ni vita ya Adwa 1896, Italia ikapigwa. Kwahiyo kama lugha ni mbili na zote zina nguvu sawa, zitoke dakika moja, na kabla hazijatoka mtu mmoja anayejua zote mbili azisome kwa sauti, kifungu kwa kifungu, mbele ya wanasheria wa pande mbili. Inachosha vibaya mno. Mara ya mwisho nilipoona ikifanywa, walikuta neno "watashauriana" upande mmoja ni "wataarifiana" upande wa pili, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Faili lenyewe sasa. Toa pdf safi, sio ile iliyotoka moja kwa moja kwenye drafti ikiwa bado imebeba majina ya waliohariri na maoni ya pembeni. Mtu akibofya akakuta maoni ya mwanasheria wenu yanasema "hapa hawajagundua", mtakuwa na kazi ya kueleza. Ramani ziwe ndani ya faili hilohilo. Na kama kuna kiambatisho cha siri, kisemwe kwamba kipo na kinahusu nini kwa sentensi moja, maana siri inayojulikana ipo watu wanaivumilia, ila inayogunduliwa baadaye inachafua hata kurasa ambazo zilikuwa wazi.

Na muhtasari. Jamani, muhtasari. Kama mtatoa karatasi fupi ya maelezo iwe moja, ya pamoja, au msitoe kabisa. Novemba 2013 Geneva, makubaliano ya mwanzo na Iran yalifikiwa kwenye saa tisa usiku, Ikulu ya Marekani ikatoa karatasi yake ya maelezo, Tehran ikaikataa ikisema sio hivyo tulivyokubaliana. Aprili 2015 Lausanne ikarudi vilevile, tamko la pamoja limesomwa, muda si mrefu karatasi ya Wamarekani ipo mtandaoni, na Zarif, waziri wa mambo ya nje wa Iran, akaandika kwenye mtandao kulalamika kwamba hamna haja ya kupindisha mambo kwa karatasi hizo mapema hivyo. Unaona ilivyo, kila upande una watu wake wa kuwaridhisha nyumbani, kwahiyo kila muhtasari unavutia kwake. Pale ambapo bado ni mfumo tu wa makubaliano na maandishi kamili hayapo, muhtasari ndo unakuwa maandishi, na mnakuwa na mikataba miwili.

Ikivuja

Itavuja. Penye wengi pana mengi, na watu wakishazidi ishirini wanaojua, hesabu kwamba wa ishirini na moja ni mwandishi wa habari. Kwahiyo toka siku ya kwanza ya wiki ya mwisho uwe na toleo la dharura, tamko la aya tatu ambalo pande zote zimeshalikubali: mazungumzo yamefika hatua fulani, maandishi yatatolewa siku fulani saa fulani, mpaka hapo hatutajibu vipande. Ile "siku fulani saa fulani" ndo yenye uzito, manake inaliwekea pengo mwisho. Ukisema "kwa wakati muafaka" umelifungua mpaka milele.

Usikanushe kitu cha kweli. Hata ukibanwa vipi. Ukikanusha Jumanne na kutangaza Alhamisi, umejitangaza muongo siku uliyotaka kuaminiwa.

Kama kilichovuja ni maandishi yenyewe na ni sahihi, karibu mara zote nashauri muyatoe rasmi siku hiyohiyo hata kama hamjajiandaa. Kama kilichovuja ni drafti ya zamani, toeni kauli moja kusema ni ya zamani na tarehe yake, bila kuanza kueleza kipi kimebadilika, maana hapo mtajikuta mnachapisha mkataba kwa mdomo.

Ila nikubali kitu. Kuna dili zinazostahili kuvujishwa. Desemba 1935 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Samuel Hoare, alipita Paris akakubaliana na waziri mkuu wa Ufaransa, Pierre Laval, kuipa Italia sehemu kubwa ya Ethiopia ili vita iishe, alafu akaendelea zake Uswisi kupumzika. Magazeti ya Paris yakaanika mpango mzima, London ikawaka moto, na mwenye mpango yuko huko kwenye barafu ameanguka amevunja pua. Tarehe 18 mwezi huohuo akajiuzulu. Walioandaa wangepanga saa yoyote ile ya kutangaza isingewasaidia, maana tatizo lilikuwa kwenye kilichoandikwa, kugawa nchi ya watu bila wao. Kwahiyo kama kwenye ile orodha yako ya simu kuna mtu ambaye huwezi kabisa kumpigia kwa aibu, acha kupanga saa, rudi mezani.

Sherehe isitangulie ruhusa

Kama baada ya tangazo kuna kura ya wananchi, mpango unabadilika. Ireland ya Kaskazini mwaka 1998 walifikia makubaliano ya amani tarehe 10 Aprili, masaa kadhaa baada ya dedlaini ya msuluhishi, George Mitchell, kupita, kura ikawa tarehe 22 Mei, na katikati hapo kila nyumba ikatumiwa nakala ya makubaliano kwa posta. Kijitabu chembamba, unakisoma jioni moja. Asilimia 71 wakasema ndiyo.

Colombia mwaka 2016 walitangaza Havana makubaliano ya amani na waasi wa FARC tarehe 24 Agosti na maandishi wakayatoa, kurasa 297, kura tarehe 2 Oktoba. Muda karibu sawa na wa Ireland, wiki tano na nusu dhidi ya sita. Ila 297 husomi jioni moja, kwahiyo pengo lilikuwepo hata kama faili lilikuwa wazi, na alafu tarehe 26 Septemba, siku sita kabla ya kura, wakafanya sherehe kubwa Cartagena, wageni wamevaa nyeupe, kalamu zimetengenezwa kwa maganda ya risasi, dunia nzima inapiga makofi. Mpiga kura aliyekuwa bado anasitasita akaona wameshasherehekea bila yeye. Ilishindwa kwa chini ya nusu asilimia. Sababu zilikuwa nyingi, siwezi kusema ni kalamu, ila mimi nisingeweka sherehe pale. Novemba 24 wakasaini toleo lililorekebishwa ndani ya ukumbi wa tamthilia Bogotá, bila mbwembwe, likapitia bungeni.

Kwahiyo kwa kura, hesabu wiki kwa kurasa. Na kama kurasa haziwezi kupungua, andaeni toleo fupi la pamoja mapema, wakati bado mnaelewana, sio baada ya kampeni kuanza.

Waandishi na embago

Kuwapa waandishi wachache maandishi masaa matatu kabla kwa masharti ya kutochapisha ni kitu kizuri kwa mkataba mrefu, wanasoma, wanauliza maswali ya maana, na habari ya kwanza inakuwa imeandikwa na mtu aliyesoma. Pande zote zichague waandishi kwa idadi sawa, saa ya embago iandikwe ileile ya UTC. Pale ambapo maisha ya watu yananing'inia, wafungwa hawajavuka mpaka, usimpe mtu yeyote chochote, hata yule rafiki yako wa miaka.

Ukishatoa

Masaa mawili ya kwanza usijibu wanasiasa, jibu wanaosoma. Weka mwanasheria mmoja na mtu mmoja wa mawasiliano wakiwa na hati wazi mbele yao, swali likija wanajibu na namba ya kifungu. Wakuu wa nchi waongee mara moja wanyamaze, kila wakirudia wanaongeza neno na neno hilo halimo kwenye mkataba.

Alafu kuna kusajili. Kifungu cha 102 cha Hati ya Umoja wa Mataifa kinataka mikataba isajiliwe kwenye Sekretarieti haraka iwezekanavyo na ichapishwe, na usiposajili huwezi kuutumia mkataba huo mbele ya chombo chochote cha Umoja wa Mataifa. Watu wanalisahau hili kabisa kwenye ratiba, nimeona fomu inakaa kwenye droo miezi. Mpe mtu mmoja jina lake na tarehe yake kabla ya siku ya tangazo.

Na kosa lazima litaonekana, tarakimu imepinda, mto umeandikwa jina la mto mwingine. Mkataba wa Vienna wa 1969, ule wa sheria ya mikataba, kifungu cha 79 unaeleza namna pande zinavyorekebisha makosa ya maandishi. Mtu wa kwanza kuliona akipiga kelele mtandaoni usianze kubishana naye, mshukuru, pigia wenzako, kubalianeni rekebisho kwa maandishi, alafu mtoe toleo jipya dakika moja pande zote, kwenye ukurasa uleule, tarehe ya marekebisho iwe juu kabisa. Lile la zamani usilifute kimyakimya, liache chini yake na alama, maana kuna watu kibao walishalipakua dakika ileile lilipotoka.